Ukienda Dubai, jua la huko si la Mombasa

Miaka michache iliyopita, mama mmoja mfanyabiashara alikuja kuniaga. Nilikuwa nimemtibu ugonjwa wa shinikizo la damu kwa muda mrefu na tulijuana vyema. Alinieleza kwa furaha kwamba wanawe walikuwa wamemkatia tiketi ya kwenda kutembea Dubai kwa wiki moja, mwezi wa Agosti. Nilimpima, nikamwandikia dawa zake za kawaida, nikamtakia safari njema.

Siku ya tatu, baada ya kuzunguka katika maduka ya Deira tangu asubuhi, mama huyo alianguka barabarani. Alipofikishwa hospitalini figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa na kazi. Alilazwa siku tano. Alirudi nyumbani salama, lakini siku alipokuja kuniona aliniuliza swali ambalo sijalisahau: “Daktari, mbona hukuniambia?”

Makala haya, msomaji, ndiyo jibu langu kwake, japo limechelewa. Nayaandika kwa ajili yako wewe unayepanga safari ya kwanza, au unayekwenda mara kwa mara kununua bidhaa na kudhani kwamba umeshazoea.

Dubai ni mojawapo ya falme saba za Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi iliyoundwa mwaka wa 1971. Ni mwendo wa saa tano hivi kwa ndege kutoka Nairobi, na saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa moja tu. Kuna mnara wa Burj Khalifa wenye urefu wa mita 828, soko la dhahabu, na vivuko vya mashua katika mkono wa bahari uliogawa Deira na Bur Dubai. Barabara ni safi, maji ya mfereji ni salama, na mitaani Deira si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa nyuma yako. Kwa sababu hizo zote mgeni hujihisi yuko nyumbani, naye husahau kwamba yuko jangwani.

Kwa nini joto la huko ni tofauti

Nikianza kuwaonya wagonjwa wangu, wengi hucheka. “Sisi ni watu wa jua, daktari,” husema. Wa Mombasa hunitajia miezi ya Februari na Machi. Wa Garissa na Lodwar hudai hakuna joto duniani litakalowatisha. Hebu tutazame vipimo. Mombasa, katika miezi ya joto, mchana huwa ni nyuzijoto 32 au 33. Nairobi ikifika 28 tunalalamika. Dubai, mwezi wa Julai na Agosti, mchana hufika nyuzijoto 41 hadi 45, na usiku wa manane bado ni kama 30.

Labda utasema tofauti ya nyuzijoto kumi si kitu. Kwa mwili wako ni kitu kikubwa sana, na sababu yenyewe ni rahisi kuielewa.

Ndani ya mwili wa binadamu joto ni nyuzijoto 37 hivi. Ngozi yake huwa baridi kidogo, kama 34 au 35. Maadamu hewa iliyokuzunguka ni baridi kuliko ngozi, joto la mwili hutoka lenyewe, kama vile chungu kilichoepuliwa kinavyopoa mezani. Ndivyo ilivyo Mombasa hata siku ya joto kali. Lakini hewa ikizidi nyuzijoto 35, mambo hugeuka. Sasa hewa ndiyo inayoupasha mwili joto. Hata upepo ukivuma haukupozi, bali ni kama umesimama mbele ya mlango wa tanuri la mkate. Mwili hubakiwa na silaha moja pekee, nayo ni jasho.

Jasho nalo halipozi kwa kutiririka. Hupoza linapokauka juu ya ngozi na kugeuka mvuke. Hapa ndipo Dubai inapowachanganya wageni. Mji uko ufuoni, na mwezi wa Agosti maji ya bahari ya Ghuba huwa na zaidi ya nyuzijoto 32, kwa hiyo hewa hujaa unyevu, hasa jioni na usiku. Jasho litamwagika lakini halitakauka, na utakuwa umepoteza maji bure. Ukienda ndani jangwani, mambo huwa kinyume. Hewa ni kavu mno, na jasho hukauka kabla hujaliona. Ngozi yako ni kavu, unajiona huna shida, kumbe maji yanakuishia.

Mwili unaweza kujifunza kuishi na joto kama hilo. Huanza kutoa jasho mapema, hupunguza chumvi inayopotea, na moyo huzoea. Lakini somo hilo huchukua kati ya wiki moja na mbili. Mtalii aliyekwenda kwa siku tano anapanda ndege ya kurudi kabla mwili wake haujajifunza chochote.

Usidhani kwamba weusi wa ngozi ni kinga. Rangi yetu hutulinda kwa kiasi fulani dhidi ya kuunguzwa na miale ya jua, lakini haituzuii kupata joto. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi hawana hata kinga hiyo ya kwanza. Wao wasitoke mchana bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Wenyeji wenyewe wanaliheshimu joto hilo. Tangu mwaka wa 2005, serikali ya huko hukataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kila mwaka. Ikiwa vibarua waliozoea huondolewa juani kwa sheria, wewe uliyefika jana unatafuta nini nje saa saba mchana?

Ngazi tatu za ugonjwa wa joto

Joto halimwangushi mtu ghafla bila kumwonya. Aghalabu hupitia ngazi, na ukizijua unaweza kujiokoa.

Ngazi ya kwanza ni misuli kukaza, hasa ya miguu na tumbo. Hii hutokana na kupoteza maji na chumvi. Wengi hudhani ni uchovu wa kutembea. Keti kivulini au ndani, kunywa maji yenye chumvi na sukari, na usiendelee na mizunguko yako siku hiyo.

Ngazi ya pili ni uchovu wa joto. Kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio, jasho ni jingi na mkojo umekuwa haba wenye rangi ya strungi. Hapo mwili umeanza kushindwa. Ingia mahali penye baridi, lala chali ukiinua miguu, legeza nguo, jimwagie maji na unywe kidogo kidogo. Usipopata nafuu katika muda wa nusu saa, tafuta daktari.

Ngazi ya tatu ndiyo ya hatari. Madaktari huiita kiharusi cha joto, ingawa si kiharusi kile cha kupooza upande mmoja. Joto la ndani ya mwili hupanda na kupita nyuzijoto 40, na ubongo huanza kupikika. Dalili unayopaswa kuikumbuka kuliko zote ni kuchanganyikiwa. Mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka kama mlevi, anagombana bila sababu, au anapata kifafa na kuzimia. Vitabu vya zamani vilisema lazima ngozi yake iwe kavu. Si kweli kila mara. Wengine bado hutoka jasho. Usingoje jasho likauke ndipo uamini.

Ukimwona mwenzako hivyo, piga simu nambari 998 uite gari la wagonjwa, na usikae kungoja tu. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu kwa chochote ulicho nacho, hata gazeti. Ukipata barafu, ifunge kwa kitambaa na uiweke shingoni, makwapani na kwenye mapaja, karibu na kinena. Kila dakika ni muhimu. Kinachookoa maisha ni kushusha joto katika nusu saa ya kwanza. Usimnyweshe chochote mtu asiyejitambua, maana maji yataingia mapafuni. Na usipoteze wakati kutafuta vidonge vya panadol. Dawa hizo hushusha homa inayoletwa na maradhi, lakini haziwezi kushusha joto lililoingia kutoka nje.

Ukiona ninatia chumvi, kumbuka yaliyotokea katika nchi jirani ya Saudi Arabia mwezi wa Juni 2024. Wakati wa Hija ya mwaka huo joto la Makka lilipanda hadi nyuzijoto 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia.

Maji na ratiba ya siku

Ushauri wangu wa kwanza ni ratiba. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda kati ya Novemba na Machi. Miezi hiyo mchana Dubai huwa kama nyuzijoto 24 hadi 30, na jioni unaweza hata kuhitaji sweta. Najua kwamba tiketi na hoteli huwa rahisi wakati wa joto, na kwamba likizo ya shule huangukia Agosti. Basi kama ni lazima uende wakati huo, toka mapema asubuhi, rudi ndani kabla ya saa tano, na utoke tena jua likishatua. Siku mbili za kwanza fanya nusu tu ya ulichopanga.

Ushauri wa pili ni maji. Maji ya mfereji huko ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nayo ni salama. Tembea na chupa, na unywe mafunda machache kila baada ya dakika ishirini, usingoje kiu. Siku ya kutembea sana, mtu mzima huhitaji lita tatu au zaidi. Lakini usiyabugie yote kwa mkupuo. Maji mengi mno bila chumvi humdhuru mtu pia. Kula chakula chako kama kawaida, maana chumvi iko humo. Kipimo cha kuaminika ni mkojo wako. Ukiwa na rangi ya maji ya limau, uko sawa. Ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Wenye ugonjwa wa moyo au wa figo waliopimiwa kiasi cha maji wamwone daktari wao kwanza, wasifuate kipimo cha watu wengine.

Beba pakiti chache za ORS. Ukikosa, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Soda tamu haichukui nafasi yake. Pombe ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hukukojoza na kukuondolea akili ya kujua kwamba unaumwa. Tena kulewa hadharani huko ni kosa la jinai.

Kama unakwenda na watoto, usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika tano. Katika muda wa dakika kumi, joto ndani ya gari huweza kupanda kwa nyuzijoto kumi juu ya lile la nje. Nadhani hapo unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Dawa unazotumia kila siku

Sasa nirudi kwa yule mama. Alikuwa akimeza vidonge viwili vya shinikizo la damu. Kimoja kilikuwa dawa ya kukojoza, ambayo huondoa maji na chumvi mwilini. Cha pili kilikuwa enalapril, dawa nzuri ambayo hulegeza mishipa ya damu. Hapa Nairobi dawa hizo mbili zilimfaa sana. Kule Dubai jasho lilianza kufanya kazi ile ile ya kidonge cha kwanza, kwa hiyo maji yakawa yanatoka kwa milango miwili. Damu ilipungua mishipani, na figo zikakosa shinikizo la kuchujia uchafu.

Kisha magoti yakaanza kumuuma kwa sababu ya kutembea. Akanunua vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu, akameza kwa siku mbili. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni ambayo wengi huijua kama Brufen, hubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Dawa hizo tatu zikikutana ndani ya mwili uliokaukiwa na maji, figo hufungiwa kila upande. Hakuna hata moja kati yazo iliyo sumu. Zilikutana tu mahali pabaya, na mimi niliyeziandika mbili za kwanza nilipaswa kufikiria hilo.

Kwa hiyo, kama unatumia dawa za shinikizo la damu, mwone daktari wako wiki mbili kabla ya safari. Huenda akapunguza dozi au akabadilisha kidonge kwa muda. Usiache dawa kwa uamuzi wako, maana shinikizo likipanda ghafla litakuletea kiharusi chenyewe. Ukiumwa na magoti, tumia parasetamoli badala ya diklofenaki. Na ukipata kuhara au kutapika ukiwa huko, usiendelee kumeza dawa ya kukojoza kabla hujashauriana na daktari. Wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, na zile za mafua zinazokausha pua na mdomo, wajue kwamba baadhi yake hupunguza jasho. Nao waulize.

Wenye kisukari wana mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, insulini huharibiwa na joto. Ibebe mkononi ndani ya ndege, usiitie katika mzigo unaowekwa chini ambako inaweza kuganda, na ukifika iweke katika jokofu la hoteli, mbali na sehemu ya barafu. Usiiache garini. Pili, ngozi ikiwa na joto, insulini huingia damuni haraka zaidi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Tatu, kushuka kwa sukari hufanana na uchovu wa joto, kwa maana yote mawili huleta jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Pima sukari mara nyingi kuliko unavyofanya nyumbani, na uwe na peremende au sukari mfukoni.

Dawa zinazoweza kukufikisha jela

Hili linahusu afya na uhuru wako kwa pamoja. Dawa kadhaa ambazo hapa Kenya watu huzibeba mkobani bila wasiwasi, huko zimewekwa chini ya ulinzi mkali wa sheria. Miongoni mwazo ni tramadoli, kodeini na dawa za usingizi na wasiwasi kama vile diazepamu. Kodeini imo ndani ya baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, kwa hiyo soma karatasi ya pakiti. Mgeni anayehitaji dawa kama hizo anatakiwa kuomba kibali kutoka mamlaka husika ya huko kabla ya kusafiri, na ombi hilo hufanywa kupitia mtandao.

Dawa zote, hata zile za kawaida, zibebe katika pakiti zake za asili zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa na kipimo. Beba za kukutosha muda wa safari na siku chache zaidi, usibebe za mwaka mzima. Usimbebee mtu mzigo wa dawa, hata akiwa ni shangazi ya jirani yako. Miraa nayo, inayouzwa waziwazi katika miji yetu, huko ni dawa ya kulevya. Kagua mifuko ya koti na mkoba kabla hujaondoka nyumbani. Bangi sina haja ya kuieleza.

Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi huniuliza kwa sauti ya chini kama watapimwa. Mtalii hapimwi. Anayeomba kibali cha kuishi na kufanya kazi ndiye anayepimwa virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Usiache kumeza dawa zako kwa hofu.

Homa ukiwa ugenini

Katika jambo hili nimeona kosa likirudiwa. Kijana mmoja alitoka kwao karibu na Ziwa Victoria, akalala Nairobi siku chache, kisha akaenda Dubai kumtembelea kaka yake. Siku ya nne akashikwa na homa, kichwa na maumivu ya viungo. Kaka yake akamwambia ni jua, apumzike tu. Akapumzika siku tatu. Alipopelekwa hospitalini alikuwa hajitambui, na damu yake ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Aliponea chupuchupu.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi isiyo na malaria mwaka wa 2007. Ni sifa njema, na ndiyo sababu wewe huhitaji kumeza dawa za kuzuia malaria kwa ajili ya kwenda huko. Lakini ina maana pia kwamba daktari wa huko hakutani na malaria kila siku kama sisi. Huenda asiifikirie. Malaria kali huanza kuonekana siku saba hadi kumi na nne baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine baadaye zaidi, kwa hiyo unaweza kuumwa na mbu Kisumu na kuugulia Dubai.

Homa yoyote ukiwa huko, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na sentensi yako ya kwanza iwe: “Nimetoka Kenya, nchi yenye malaria, naomba nipimwe damu.” Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha yako. Usijaribu kukisia mwenyewe kama ni jua au ni mbu.

Uliza pia shirika la ndege au ubalozi kuhusu chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo na masharti ya nchi hubadilika. Chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kudungwa. Tangu mwaka wa 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo kile cha zamani usikitupe.

Ngamia na matuta ya mchanga

Wageni wengi hulipia matembezi ya jangwani. Gari hupandishwa na kushushwa kwa kasi juu ya matuta ya mchanga, kisha watu hupanda ngamia na kula nyama ya kuchoma usiku. Ni raha, lakini si ya kila mtu. Mama mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo, aliyepasuliwa karibuni na mwenye ugonjwa wa moyo wakatae ile safari ya matuta, waombe wapelekwe kambini kwa njia ya kawaida. Wenye pumu wabebe dawa yao ya kuvuta, maana vumbi halikosekani na siku za upepo wa shamali hewa nzima hugeuka mchanga.

Kuhusu ngamia, kuna ugonjwa wa mapafu uitwao MERS, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 2012 huko Saudi Arabia. Virusi vyake hukaa kwa ngamia bila kumdhuru sana, lakini vikimwingia binadamu huweza kuua. Takriban theluthi moja ya wagonjwa waliorekodiwa wamefariki. Mtalii wa kawaida hana haja ya kuogopa kumtazama ngamia. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumgusa, usinywe maziwa yake mabichi, na usile nyama isiyoiva. Wenye kisukari, ugonjwa wa figo, wa mapafu, au upungufu wa kinga mwilini wasimkaribie kabisa. Ukirudi Kenya na kupata homa na kikohozi katika wiki mbili za kwanza, mweleze daktari ulikotoka.

Baridi, ndege na bili

Ajabu ya Dubai ni kwamba wengi hurudi na mafua. Nje ni nyuzijoto 43, ndani ya duka ni 20, na mtu huingia na kutoka mara kumi kwa siku akiwa amelowa jasho. Baridi yenyewe haileti mafua, lakini hewa kavu ya mitambo hukausha pua na koo, na huamsha pumu. Beba leso au sweta nyepesi.

Katika ndege, simama utembee kila baada ya saa moja au mbili na uchezeshe vifundo vya miguu. Safari inayozidi saa nne huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hasa kwa wanene, wajawazito, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi na waliopasuliwa karibuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, usiukande. Nenda hospitalini.

Mwisho ni pesa. Hospitali za huko ni nzuri sana na za bei kali. Usidhani kwamba bima yako ya hapa nyumbani itakulipia kitanda cha ugenini. Uliza kabla, na ukate bima ya safari inayotaja wazi maradhi uliyo nayo, kwani ukiuficha ugonjwa wakati wa kukata bima, kampuni itakataa kulipa. Wana wa yule mama walichangisha bili kwa wiki nzima, na bei ya bima yake ingekuwa ndogo kuliko ya sanduku walilomnunulia.

Mama huyo alikwenda Dubai tena, mwezi wa Januari. Alikuja kwangu wiki mbili kabla ya kuondoka, nikapunguza kidonge kimoja na kumwandikia barua ya dawa zake. Alirudi na mizigo mitatu na hadithi nyingi. Nawe, msomaji, kabla hujakata tiketi yako, pitia kwa daktari wako. Na kama hatakwambia lolote kuhusu joto, muulize wewe.